Kitufe Kinachohamahama

Swali: Nimetengeneza programu ya simu ya kuandikia mauzo ya dagaa mwaloni Kibirizi. Kwenye mauzo "Hifadhi" iko kulia, kwenye madeni iko kushoto. Shangazi akabonyeza "Futa" kwa makosa, hesabu za wiki zikapotea. Anasema programu ina kisirani. Nimekosea wapi?
Kijana wa Mwanga, Kigoma

Jibu: Shangazi hana kosa, mwanangu. Kidole hukariri mahali, hakisomi. Chagua upande mmoja ubaki hapo hapo, na neno liwe moja: usiandike "Hifadhi" huku na "Tunza" kule.

Mwongozo wa Google uitwao Material Design, uliotoka 2014, unataka eneo la kubonyeza lisipungue dp 48 (dp ni kipimo cha vitu kwenye skrini) kila upande, kama milimita 9 hivi. Kwa vidole vilivyolowa maji ya dagaa, mimi ningeongeza.

Lile swali la "Una uhakika?" kabla ya kufuta siliamini sana, watu hujibu "Ndiyo" kama wanaoitikia salamu. Afadhali uweke "Rejesha" baada ya kufuta. Rangi peke yake pia haitoshi, wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Kisha rudi mwaloni, mpe shangazi simu, utazame ukiwa kimya. (Hapo pa kukaa kimya hata mimi hunishinda.)