Vidonge vya manjano kwa mama anayesahau

Dada pole, umeuliza kama vidonge vya manjano, kile kiungo cha jikoni, vitamsaidia mama anayesahausahau. Kwenye maabara kurkumini, ile kemikali iliyo ndani ya manjano, kweli inaishika ile protini ya amiloidi inayogandamana kwenye ubongo wa wenye Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, ila mwilini ishu ni nyingine kabisa, utumbo unanyonya kidogo sana halafu ini linaivunja fasta, ubongoni inafika kiduchu. Dawa ya mmea iliyothibitika ni galantamini, inazuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ya ubongo inayosaidia kumbukumbu, Marekani waliipitisha 2001, na hiyo anaandika daktari tu. Kama mama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, basi hivyo vidonge asiviguse jamani, damu inaweza kumtoka ovyo. Muwahishe apimwe homoni za thairoidi, ile tezi ya shingoni, na vitamini B12, zikiwa chini zinasahaulisha na zinatibika.