Sisi tulianza na mahindi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama duka la chakula linalomilikiwa na wakazi wenyewe kwa ushirika linaweza kutufanya tule vizuri zaidi hapa Dar es Salaam. Nasema linaweza. Sisi kina mama 14 wa mtaa mmoja Buguruni tumeshaanza, na tulianza na mahindi.

Zamani kila mmoja wetu alinunua sembe ya kupimiwa. Nyeupe, laini, watoto wanaipenda. Lakini mahindi yakikobolewa, pumba na kiini vinaondoka, na huko ndiko kwenye nyuzinyuzi na vitamini nyingi. Jirani yangu mwenye kisukari aliambiwa zahanati ale dona na mboga kwa wingi, tonge alipunguze. Alizunguka maduka matatu, dona hakuna. Wenye maduka siwalaumu: kiini kina mafuta, hivyo dona ikikaa sana inakuwa chungu, nao wanataka unga wa kukaa.

Tukachanga, tukaenda Tandale, tukarudi na magunia mawili. Kazi kubwa ni siku ya kuchambua. Tunatandika turubai uani, tunapepeta kwa ungo, kisha tunapitisha punje mkononi. Iliyovunjika, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, inatupwa. Hata kuku hapewi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu ya kwenye mahindi, na moto wa ugali hauiondoi sumu hiyo. Kwa kuwa jicho halioni kila kitu, tunaanza kukagua sokoni kabla ya kulipa: mkono unazama gunia mpaka kati, na tukihisi unyevu tunaliacha hapo hapo. Tunasaga unga wa wiki mbili tu, basi.

Sasa tuna kunde, choroko, dagaa na karanga pia. Mboga za majani bado zinatushinda, mchicha ukilala umenyauka, kwa hiyo Jumamosi tunaleta matunda kutoka Mabibo.

Wazee wanaokumbuka maduka ya kaya ya miaka ya 1980, na foleni za sukari na sabuni, wakisikia neno ushirika wanakunja uso. Nawaelewa kabisa. Ila duka lile lilisubiri mgao kutoka juu. Letu tunaamua wenyewe kiingie nini. Mwezi uliopita tulibishana tangu saa tisa mpaka magharibi kuhusu soda. Mhazini wetu aliitaka kwa sababu inatoka haraka na ina faida. Wengine tukasema, tumekusanyika hapa kwa ajili ya sukari ya mama huyu, halafu tumuuzie sukari ndani ya chupa? Tulipiga kura, soda ikakosa. Kwangu mimi hiyo kura ndiyo jibu la swali lenu, kuliko hata bei.

Na kuna mizani. Wafanyakazi 28 waliofungua duka lao la ushirika Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, walikuwa wamechoshwa na unga uliochanganywa uchafu na vipimo vya kupunja. Nasi tumepunjwa sana. Mizani yetu anaishika yule jirani mwenye kisukari, na kabla hajakumiminia unga kwenye mfuko anaigeuza uusome mshale mwenyewe.