Maswali ya Wasomaji: Fedha Yako na Fedha ya Biashara Yako

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam. Mimi ni fundi wa kushona mashati, na kwa muda mrefu nimekuwa nikishonea nyumbani. Sasa nataka kazi hii iwe biashara kamili. Nina akiba kidogo, nimepata chumba cha kupanga, na kuna wakopeshaji walio tayari kunipa mkopo. Kila mtu ananishauri lake: huyu anasema nisajili kwanza, yule anasema nichukue mkopo kabla nafasi haijapita, mwingine anasema ninunue cherehani kubwa zaidi. Wateja ninao na kazi sikosi, lakini mwisho wa mwezi sioni fedha ilikokwenda. Nianzie wapi? (Fundi)

JIBU: Dada yangu, anzia kwenye sentensi yako ya mwisho, na nakuomba usiweke sahihi popote kabla hujaimaliza. Fundi mwenye wateja na kazi isiyokatika, ambaye bado haoni fedha ilikokwenda, hajapungukiwa na cherehani wala cheti cha usajili. Amepungukiwa na hesabu, na mkopo unaoingia mahali pasipo na hesabu huongeza tu kiasi cha fedha kinachopotea bila kuonekana.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha fedha yako na fedha ya biashara, tena kuitenganisha kweli, kwa akaunti mbili au angalau visanduku viwili na daftari moja. Mnamo mwaka 1494 mtawa wa Kifransisko aitwaye Luca Pacioli alichapisha mjini Venice kitabu cha hisabati, na ndani yake akaeleza namna wafanyabiashara wa mji huo walivyotunza vitabu vyao vya hesabu. Utaratibu huo hakuubuni yeye, bali aliukuta ukitumika akauandika, na unaanza na jambo ambalo wewe pia unaweza kulifanya jioni ya leo: kuorodhesha kila kitu ulicho nacho na kila deni ulilo nalo siku unayofungua daftari. Vitambaa vilivyobaki, cherehani, fedha iliyopo, wateja wanaodaiwa, na muuza vitambaa anayekudai, vyote viandikwe. Kuanzia hapo kila fedha inayoingia au kutoka inaandikwa siku hiyohiyo. Hata akiba unayoitoa mfukoni mwako kuanzia kazi inaandikwa kuwa ni fedha ambayo biashara imeipokea kutoka kwako, kana kwamba wewe na biashara ni watu wawili. Ukichukua fedha ya nauli au ya karo kutoka kwenye mauzo, nayo iandikwe kuwa umeichukua wewe. Fanya hivyo mwezi mmoja bila kuruka siku, na sehemu kubwa ya fedha unayoitafuta itajionyesha yenyewe.

Hatua ya pili ni kuijua hesabu ya shati moja, na hapa naomba tusiende haraka. Tuchukue tarakimu za mfano, kwa fedha ya nchi yoyote. Kitambaa cha shati kinagharimu 45. Uzi, vifungo na kitambaa kigumu cha kola vinagharimu 9. Kunyoosha na kufungasha ni 6. Jumla ni 60, nawe unaliuza shati kwa 100, kwa hiyo kila shati linabakiza 40. Mafundi wengi huiita 40 hiyo faida na kuitumia, ilhali bado haijawa faida. Kila mwezi kuna gharama ambazo hazijali umeshona mashati mangapi: tuseme kodi ya pango 450, umeme na matengenezo 300, na 50 ya uchakavu wa cherehani, kwa kuwa cherehani ya 3,000 itakayodumu miaka 5 inapoteza thamani ya 50 kila mwezi, na ni lazima uiweke kando ili siku ya kununua nyingine isikukute mikono mitupu. Hapo tumefika 800. Ukigawanya 800 kwa 40 unapata mashati 20, na fundi anayeishia hapo atajiona yuko salama tangu shati la 21.

Hayuko salama, kwa sababu hajajilipa. Ujira wako ni gharama ya biashara kama ilivyo kodi ya pango. Ukijipangia 1,200 kwa mwezi, gharama za kila mwezi zinakuwa 2,000, na mashati yanayohitajika kabla ya faida ya kwanza kuonekana yanakuwa 50. Kati ya shati la 20 na la 50 ndipo penye jibu la swali lako, maana katika mashati hayo 30 mtu anafanya kazi kwa bidii, anauza, anashika fedha mkononi, na bado analipwa chini ya ujira wake bila kujua. Kama nguvu zako haziwezi kutoa mashati 50 kwa mwezi, basi bei, gharama au aina ya nguo unayoshona lazima ibadilike, na ni afadhali kulijua hilo ungali nyumbani kuliko ukiwa na mkataba wa pango wa mwaka mzima.

Tarakimu hizohizo zitakulinda na wateja wanaoomba kupunguziwa bei. Ukipunguza 10 tu kwenye 100, shati halibakizi tena 40 bali 30, na mashati yanayohitajika yanapanda kutoka 50 hadi 67. Punguzo la sehemu ya kumi limekuongezea theluthi moja ya kazi. Sisemi usipunguze kamwe. Nasema ujue unachotoa kabla hujakitoa.

Kisha kuna suala la muda. Leo unanunua kitambaa kwa fedha taslimu, shati linachukuliwa baada ya wiki mbili, na mteja analipa mwisho wa mwezi. Kwenye karatasi una faida, lakini kwenye kisanduku hakuna kitu, na muuza vitambaa halipwi kwa karatasi. Biashara ndogo nyingi zenye faida hukwama hapa, hasa pale mteja mkubwa anapoleta oda kubwa inayoonekana kuwa neema. Dawa iliyo rahisi kuliko zote ni arubuni: usikate kitambaa kabla mteja hajalipa kiasi kinachotosha walau kufidia vifaa, yaani 60 katika mfano wetu. Mteja wa kweli ataelewa ukimweleza kwa upole na ukampa stakabadhi. Anayekataa kutoa hata hiyo amekuonyesha mapema jinsi atakavyolipa baadaye.

Sasa tuje kwenye mkopo. Waulize hao wakopeshaji swali moja kabla ya mengine yote: riba inahesabiwa juu ya nini? Tuseme mkopo ni 1,200 kwa miezi 12, na riba wanayoitaja ni asilimia 12 kwa mwaka. Ikiwa inahesabiwa juu ya mkopo wote tangu mwanzo, utalipa riba ya 144, yaani 112 kila mwezi. Ikiwa inahesabiwa juu ya salio linalopungua kila unapolipa, riba yote itakuwa karibu 80. Tarakimu iliyotangazwa ni ileile, asilimia 12, lakini katika mkopo wa kwanza unaendelea kulipia riba fedha ambayo umekwisha kuirudisha, na gharama yake halisi inazidi asilimia 21 kwa mwaka. Uliza pia ada ya maombi, bima na adhabu ya kuchelewa, kisha uombe uandikiwe jumla ya fedha utakayokuwa umelipa hadi siku ya mwisho. Ukishaipata, chukua rejesho la kila mwezi uligawanye kwa 40 yako: rejesho la 112 ni mashati 3 ya ziada kila mwezi, uwe mgonjwa usiwe mgonjwa. Kama cherehani mpya haitakuwezesha kushona na kuuza zaidi ya hayo 3, huihitaji kwa sasa.

Usajili na leseni ni vya lazima, na ningependa uvipate kabla ya kutia sahihi mkataba wa pango, ili mkataba huo na akaunti ya benki viwe kwa jina la biashara. Lakini ni kazi ya siku chache ukishajua unasajili nini. Wakati huohuo ulizia kodi unazopaswa kulipa na viwango vyake, kisha uziingize kwenye hesabu ya shati.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi nina fedha na rafiki yangu ana ujuzi wa useremala. Tunataka kufungua karakana ya samani pamoja. Tumekubaliana kwa mdomo tu, kwa kuwa tunafahamiana tangu utotoni na kuandikishana mkataba kunaonekana kama kutoaminiana. Je, tufanye ubia au kampuni? (Rafiki wa seremala)

JIBU: Andikeni kwanza, ndipo mchague. Marafiki wasioandika wanadhani wamebaki bila masharti, kumbe wamekubali masharti ya sheria bila kuyasoma. Sheria ya ubia ya Uingereza ya mwaka 1890, ambayo imekuwa kielelezo kwa nchi nyingi, inasema kwamba pasipokuwa na makubaliano mengine wabia hugawana faida sawa na kubeba hasara sawa, hata kama mmoja ndiye aliyetoa mtaji wote. Tena hakuna mbia anayestahili ujira kwa kazi anayoifanya katika ubia. Itazameni karakana yenu kwa macho hayo. Wewe uliyetoa fedha utashangaa kuambiwa faida ni nusu kwa nusu, na mwenzako anayeranda mbao tangu asubuhi hadi jioni atashangaa kuambiwa hana ujira. Kila mmoja atamwona mwenzake ndiye mdhulumaji, na hakuna aliyedhulumu. Nchi yenu inaweza kuwa na sheria tofauti, kwa hiyo isomeni au muulizeni wakili, lakini urafiki wenu hauwezi kuijaza nafasi mliyoiacha wazi.

Jambo la pili katika ubia wa kawaida ni madeni. Mbia mmoja akinunua mbao kwa mkopo kwa ajili ya karakana, wote wawili mnadaiwa, na mdai anaweza kufuata hata mali zenu binafsi. Kampuni yenye dhima ya kikomo, yaani ile ambayo mwenye hisa habebi madeni yake kupita fedha aliyoahidi kuiweka, hutenganisha mambo hayo. Kesi inayotajwa kila mahali kuhusu jambo hili ni ya Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London, ambaye mwaka 1892 aliigeuza biashara yake kuwa kampuni. Wanahisa walikuwa yeye, mke wake na watoto wao watano, naye alikuwa na takriban hisa zote. Kampuni ilipofilisika, ilidaiwa kwamba kampuni ile na Salomon ni mtu mmoja, kwa hiyo alipe madeni yake. Mwaka 1897 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, iliyokuwa Baraza la Malodi, iliamua kwamba kampuni iliyoundwa kwa kufuata sheria ni mtu kamili anayejitegemea, na madeni yake si ya mwenye hisa. Huko ni kutenganisha kulekule nilikomwambia fundi wa mashati, ila hapa kumepata nguvu ya sheria.

Msikimbilie kampuni kwa sababu hiyo peke yake, hata hivyo. Kampuni inadai taarifa za kila mwaka kwa msajili na hesabu zilizoandaliwa vizuri, na wakopeshaji wengi hawaikopeshi kampuni changa mpaka wakurugenzi wenyewe waweke dhamana binafsi. Ukishatia sahihi dhamana hiyo, kinga ya kampuni haikusaidii tena kwa deni hilo. Kama mtaanza kwa oda ndogo na bila mkopo, ubia ulioandikwa vizuri waweza kuwatosha kwa sasa. Kama mtanunua mashine kwa deni au kuajiri watu, mimi ningewashauri kampuni.

Katika maandishi yenu msiishie kwenye mgawanyo wa faida. Andikeni seremala analipwa kiasi gani kwa mwezi kabla faida haijagawanywa, fedha uliyotoa wewe ni mtaji au ni mkopo kwa karakana, ni nani anayeruhusiwa kuweka ahadi ya fedha na mpaka kiasi gani, na mmoja akitaka kuondoka sehemu yake itathaminiwaje na kulipwa kwa muda gani. Andikeni pia kuhusu kifo, ingawa ni vigumu kulitamka mbele ya rafiki, kwa sababu chini ya sheria niliyoitaja ubia huvunjika mbia anapofariki, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo, na warithi wake watakuja kuuliza haki yao kwa mtu ambaye huenda hawajawahi kuzungumza naye mambo ya fedha.

SWALI: Nimekwisha kusajili jina la biashara yangu. Je, mtu mwingine akilitumia ninaweza kumzuia? (Mwenye jina)

JIBU: Usipumzike bado. Katika nchi nyingi kusajili jina la biashara ni kuwatambulisha wahusika tu, yaani kueleza nani yuko nyuma ya jina hilo, na hakukupi miliki yake. Ulinzi hupatikana kwa kusajili alama ya biashara, yaani jina au nembo inayotofautisha bidhaa zako na za wengine, ambayo husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma: nchi nyingi hufuata mpangilio uliotokana na mkataba uliotiwa sahihi Nice, Ufaransa, mwaka 1957, wenye madaraja 45, yakiwemo 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Aliyesajili alama yake kwa sabuni kwa kawaida hawezi kumzuia anayeitumia kwa viatu, isipokuwa alama hiyo iwe mashuhuri sana. Tafuta katika rejista ya alama za nchi yako kabla hujachapisha mabango na vifungashio, chagua daraja la bidhaa unayoiuza sasa na lile unalotarajia kwa dhati kuingia hivi karibuni, na uyaache mengine, kwa kuwa kila daraja la ziada kwa kawaida hulipiwa ada yake na alama isiyotumika kwa miaka kadhaa inaweza kufutwa mtu mwingine akiomba.