Huduma inajiwasha yenyewe, lakini inakataliwa: maswali ya wasomaji

Wiki hii nimekusanya maswali yanayohusu huduma (programu zinazofanya kazi chinichini) ambazo hukubaliwa na seva zinapoendeshwa kwa mkono, lakini hukataliwa zinapoanzishwa na kompyuta yenyewe wakati wa kuwaka.

Swali (Morogoro): Nina skripti ya rclone inayopeleka nakala rudufu kwenye hifadhi ya mtandaoni. Nikiiendesha mwenyewe inafanya kazi, ila nilipoifanya huduma ya systemd (mfumo unaoanzisha na kusimamia huduma kwenye Linux) inasema haiitambui hifadhi hiyo. Tatizo ni nini?

Jibu: Tatizo ni nani anayeiendesha. Huduma ya mfumo usipoiandikia mstari wa `User=` huendeshwa na root (akaunti ya msimamizi mkuu), na root hatazami saraka yako ya nyumbani, bali hutazama `/root`, ilhali mipangilio na tokeni (vibali vya kuingilia) ulizoandaa zimo katika `~/.config/rclone/rclone.conf` ya akaunti yako. Unaweza kutaja faili hilo kwa `--config`, lakini mimi ningeweka `User=`, kwa kuwa rclone huandika tokeni mpya ndani ya faili hilohilo, na si vyema root akawa ndiye mwandishi wake.

Huduma pia haisomi `.bashrc` wala `.profile`, mafaili ya mipangilio ya shell yako, kwa hiyo siri (nenosiri na funguo) ulizozitangaza humo kwa `export` haitaziona. Ziweke kwenye faili linalotajwa na `EnvironmentFile=` na kusomwa na root peke yake; na kama systemd yako ni toleo la 247 au jipya zaidi, tumia `LoadCredential=` iwapo programu yako inaweza kusoma siri kutoka kwenye faili. Kabla ya kugusa lolote, soma `journalctl -b -u` ikifuatiwa na jina la huduma, kwa sababu siri isiyoonekana na siri iliyokataliwa ni matatizo mawili tofauti, na wengi hubadilisha nenosiri zima bure.

Swali (Mombasa): Muunganisho wangu wa SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva ya mbali) unaotakiwa kufunguka kompyuta inapowaka hushindwa mpaka niingie kwenye akaunti yangu. Kwa nini?

Jibu: Yaelekea ufunguo wako unalindwa kwa nenosiri, na anayeufungua ni ssh-agent, programu inayotunza funguo zilizofunguliwa, ambayo huanza pamoja na kikao chako. Kompyuta inapowaka hakuna kikao, hakuna `SSH_AUTH_SOCK` (njia ya kuifikia ssh-agent), wala hakuna mtu wa kuandika nenosiri. Tengeneza ufunguo mwingine usio na nenosiri kwa kazi hiyo moja, kisha kwenye seva uuwekee mipaka ndani ya `authorized_keys` (faili la funguo zinazoruhusiwa kuingia) kwa `restrict,port-forwarding,permitopen=`, ukitaja mlango (port) unaohitajika tu, ili hata ukiibwa usimfae mwizi kwa mengi. Ongeza `BatchMode=yes` ili ssh ishindwe mara moja badala ya kusubiri jibu lisilokuja. Ukiona ujumbe kwamba ufunguo wa seva haukuthibitishwa, akaunti inayoendesha huduma haina seva hiyo katika `known_hosts` yake, yaani faili la seva inazozitambua. Iongeze baada ya kuhakiki alama ya ufunguo (fingerprint). Wanaokimbilia `StrictHostKeyChecking=no` wanaondoa kinga, si kosa.

Swali (Kisumu): Raspberry Pi 4 yangu (kompyuta ndogo) ikikaa siku nyingi bila umeme, huduma yake hukataa cheti cha seva (hati ya kidijitali inayothibitisha utambulisho wake) ikidai muda wake haujaanza. Baadaye hukubali.

Jibu: Pi 4 haina saa yenye betri, hivyo huwaka na saa iliyopitwa hadi ipate saa sahihi mtandaoni, na cheti kilichotolewa upya ikiwa imezimwa huonekana kama cha kesho. Washa `systemd-time-wait-sync.service`, kisha uandike `Wants=time-sync.target` na `After=time-sync.target` kwenye huduma yako; mistari hiyo pekee haingojei kitu. Wanaotumia Kerberos (mfumo wa kuthibitisha utambulisho mtandaoni) waangalie hilohilo, kwani kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu.

Swali (Dar es Salaam): Huduma yetu ya Windows haianzi tena na inatoa kosa 1069. Pia haikuwa ikiiona diski Z.

Jibu: Kosa 1069 maana yake akaunti ya huduma imeshindwa kuingia, na mara nyingi nenosiri lake limebadilishwa mahali pengine, liandike upya kupitia `services.msc`. Kwenye domeni (mtandao wa kompyuta za Windows unaosimamiwa pamoja), akaunti za gMSA, yaani akaunti maalumu za huduma, zilizopo tangu Windows Server 2012, hubadilisha nenosiri zenyewe na kukuondolea kero hiyo. Kuhusu Z, herufi hiyo ni ya kikao cha aliyeiunganisha, kwa hiyo ipe huduma anwani kamili ya mtindo wa `\\seva\saraka`, na uhakikishe akaunti yake ina ruhusa huko.