Imani inayoishia Jumatano

Dada, umeuliza kwa nini Jumapili unatoka kanisani una nguvu, lakini ikifika Jumatano, kodi ya nyumba ikikaribia, hofu inarudi. Mara nyingi tatizo ni kumbukumbu: shida tunazikariri kila siku, matendo ya Mungu mara moja kwa wiki.

Anza na Zaburi 77. Ina mistari 20, na kumi ya kwanza karibu yote ni malalamiko, hadi Asafu, mtunzi wake, anauliza kama Mungu amesahau fadhili zake. Kwenye mstari wa 11 anaamua kukumbuka, tena anataja tukio lenyewe: njia baharini, watu wakiongozwa na Musa na Haruni. Wengi tunakosea hapo. Tunasema "Mungu ni mwema" kijumlajumla, na saa nane usiku neno hilo halishiki kitu.

Chukua daftari. Kila jioni, dakika kumi, andika tarehe, hitaji na kilichotokea. Lisilojibiwa liandike pia (Asafu hakuficha), la sivyo daftari litakuwa la kujidanganya. Jumatano asubuhi, kabla ya kushika simu, soma kurasa tatu za nyuma kwa sauti. Na mwenye nyumba mpigie leo, kabla hajakupigia yeye.