Hela kidogo, njiti wengi: tununue inkubeta ya pili?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni nesi mkunga kwenye kituo cha afya huku Makete. Msimu huu wa baridi njiti (watoto waliozaliwa kabla ya wakati) wanatutesa, wengi wana kilo 1.5 mpaka 1.9, wanazaliwa wanalia vizuri tu ila baada ya masaa mawili matatu wamepoa, mikono ya buluu, hawanyonyi. Tuna inkubeta (kabati la kumpa kichanga joto) moja ya msaada, umeme ukikatika inabaki kabati, na kuna siku tunalaza wawili humo humo. Sasa kituo kimepata hela kidogo, mfawidhi anataka tuongeze inkubeta ya pili, sisi wengine tunasita. Ungekuwa wewe ungenunua nini? Na njiti anayepumua haraka haraka anaruhusiwa kangaruu (kubebwa ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama) au tusubiri atulie kwanza?

JIBU: Marahaba dada, na poleni na baridi, Makete mwezi wa Julai sio mchezo hata kwa mtu mzima mwenye sweta mbili.

Mimi nisingenunua inkubeta. Sio kwamba ni kifaa kibaya, hapana, ila inataka umeme uliotulia, inataka fundi wa vifaa tiba anayeijua, inataka mtu wa kuisafisha vizuri kila siku na nesi wa kuikagua usiku kucha, na nyie usiku mko wangapi? Zunguka vituo vya huku nyanda za juu uone zilivyofunikwa mashuka stoo, waya wa kupima joto umekufa na spea haipo. Na hiyo ya kulaza wawili acheni leo leo, sio kesho. Mmoja akiwa na maambukizi ushampa mwenzake, afu inapima joto la mtoto mmoja tu, mwingine anapikika au anapoa na hamna anayejua.

Sasa umesema wanazaliwa vizuri wanapoa baadae. Mi nadhani wanaanza kupoa pale pale leba, nyie mnagundua baadae. Joto zuri la kichanga ni 36.5 mpaka 37.5, chini ya hapo tayari ameshapoa hata kama analia na anaonekana mzuri. Mikono ikishakuwa ya buluu na kunyonya kumemshinda mmechelewa sana. Na hapa kuna mtego, angalia kipimajoto chenu, kama ni kile cha zamani cha zebaki kinaanzia 35, kwahiyo mtoto wa 33 kitakuonyesha 35 na wewe utaandika 35 kwenye faili kwa roho safi. Tafuteni cha dijitali kinachosoma chini, bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na inkubeta. Hicho ndo kitu cha kwanza ningenunua, viwili kabisa maana kimoja kitapotea tu.

Cha pili ni hita ya umeme ya chumba cha kuzalishia na kipimajoto cha ukutani. Chumba kinatakiwa kiwe 25 mpaka 28, na najua huko asubuhi chumba kinaweza kuwa 14. Hita iwashwe mama akiingia leba, sio mtoto akishatoka. Naomba sana jiko la mkaa lisiingie, najua nyumbani watu wanaota moto na vituo vingine wanabeba jiko mpaka wodini, ule moshi usioonekana unaua mama na mtoto wote wakiwa usingizini, na kama kuna mtungi wa oksijeni jirani ndo kabisa. Mtoto akitoka kausha mwili mzima pamoja na kichwa, tupa kile kitambaa kilicholowa (wengi tunakausha afu tunamfunikia hicho hicho), muweke kifuani kwa mama, kofia, blanketi juu yao wote wawili. Mizani isubiri, ukiweza itandike kitambaa cha moto kwanza. Kuoga ni baada ya masaa 24, na huyu njiti hata zaidi, bibi akija na beseni la maji ya moto mwelewesheni kwa heshima ila msikubali.

Tukija kwenye swali lako la kangaruu. Zamani tulifundishwa hivo hivo, mtoto atulie kwanza ndo aende kwa mama. Imebadilika. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India, njiti wa kilo 1 mpaka chini kidogo ya 1.8, kundi moja kangaruu ilianza mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa bila kusubiri watulie, kundi lingine walikaa inkubeta au chini ya taa ya joto kwanza mpaka watulie. Ndani ya siku 28 waliofariki kundi la kwanza ni asilimia 12, kundi la pili asilimia 15.7, tofauti ilikuwa kubwa mpaka utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani (WHO) wakaandika wazi kwamba kangaruu ianze mara tu baada ya kuzaliwa, masaa 8 mpaka 24 kwa siku, kadri yanavyozidi ndo vizuri. Wasioruhusiwa kuanza ni yule aliyeshindwa kupumua mwenyewe hata baada ya kumsaidia, aliye kwenye shoku (damu haizunguki vya kutosha mwilini), na anayehitaji mashine ya kupumulia. Kwahiyo huyo wako anayepumua haraka haraka anaenda kifuani, na oksijeni yake ya puani anawekewa akiwa hapo hapo, ila awe kwenye oksimita (kipimo cha oksijeni ya damu) muda wote na rufaa yake inaandaliwa. Kwa njiti aliye kwenye oksijeni lenga asilimia 90 mpaka 95 kwenye oksimita, ukiona 99 au 100 punguza, oksijeni ikizidi inamharibia macho.

Kuna kangaruu ya kweli na kangaruu ya picha, hii ya pili naiona sana. Mtoto amevalishwa nguo tatu afu mama anamkumbatia juu ya sweta, hiyo haisaidii kitu. Avae nepi, kofia na soksi basi, kifua chake kigusane na kifua cha mama, awe wima katikati ya matiti, kichwa kimegeuzwa upande na kimeinuka kidogo ili njia ya hewa isijikunje, miguu imekunjwa na kutanuka. Kitenge kizunguke mgongo wa mtoto, ukingo wa juu uishie chini ya sikio, mkazo uwe kifuani sio tumboni maana anapumua kwa tumbo. Mwambie mama asimame atembee hatua kadhaa, mtoto akishuka rudia kufunga. Sweta na blanketi vinakuja juu ya hapo. Mama alale ameegemea, sio chali. Kama ametoka opresheni, baba au shangazi avue shati aanze yeye, wazee wa huku wanakataa siku ya kwanza ila akishaonyeshwa namba za joto zinavyopanda utamkuta hataki kumrudisha.

Pima joto kila saa mpaka ifike 36.5. Kama yuko kifuani sawasawa na masaa mawili yamepita halipandi, usiendelee kusubiri, pima sukari na fikiria maambukizi. Sukari chini ya 2.5 mmol/L apate maziwa haraka, na kama hawezi au ana hali mbaya apate dextrose (maji ya sukari ya mshipani) asilimia 10, mili 2 kwa kila kilo. Mkiwa na ile ya 50 tu, mili 10 changanya na mili 40 za maji ya sindano.

Maziwa akamuliwe ndani ya saa ya kwanza, hata matone. Mtoto wa kilo 1.6 siku ya kwanza ni kama mili 60 kwa kilo, yaani 96, gawanya mara nane inakuja mili 12 kila masaa matatu, kwa kikombe kidogo kama anameza au mpira wa puani kama hawezi, kesho yake unaongeza taratibu. Kwahiyo mipira namba 6 na vikombe viwepo kwenye orodha yenu, na hela itakayobaki nunueni vitanda viwili vinavyoinuka kichwani pamoja na magodoro na mablanketi kwa ajili ya mama, kwasababu mama akikaa kwenye benchi la mbao masaa mawili mtoto anarudi kwenye inkubeta.

Rufaa ya kwenda hospitali ya Ikonda, Njombe au kuja huku Mbeya nayo iwe kifuani kwa mama au ndugu. Mtoto aliyefungwa vitenge na kulazwa kwenye kiti cha gari la wagonjwa tunampokea na 34. Chupa za maji ya moto pembeni yake hapana, zinaunguza. Kabla gari haijawaka pima joto, mpe maziwa, andika saa na namba zote mbili, ya joto na ya mili za maziwa, kwenye karatasi ya rufaa, afu piga simu tujue mnakuja.