Mnaoniomba kazi Ncha ya Kusini, someni hili kwanza

Ndugu zangu, tangu mjue kwamba nafanya kazi jikoni katika kituo cha utafiti cha Amundsen-Scott, cha Marekani, kule Ncha ya Kusini, maswali yenu ni mawili: baridi ikoje, na utanivuta lini? Nawajibu bila kuficha.

Baridi ni kali kweli. Msimu wa giza, nyuzi 60 chini ya sifuri ni kawaida; mwaka 1982 ilifika 82.8. Ukitoka nje kidogo tu, pumzi inagandia kwenye kope, ukifumba macho zinashikana. Lakini baridi unaivalia nguo, na hizo unapewa. Mimi kinachonitesa zaidi ni ukavu: ngozi ya vidole inapasuka hadi damu, na mikono yangu iko majini kutwa. Maji yenyewe ni barafu iliyoyeyushwa kwa mafuta yanayoletwa kutoka mbali mno, ndiyo maana tunaoga mara mbili kwa wiki, dakika mbili tu. Kazi ni siku sita. Chakula na malazi ni bure, kwa hiyo mshahara unabaki. Hilo ni kweli kabisa.

Sasa lile ambalo hamniulizi. Ndege ya mwisho huondoka katikati ya Februari, na nyingine husubiriwa hadi karibu Novemba. Tunabaki watu arobaini na kitu. Jua huzama Machi, halichomozi mpaka Septemba. Juni 2016 ndege ndogo iliingia gizani, lakini ilifuata wagonjwa. Kwa msiba haiji. Mzazi akifariki, hutazika. Habari utazipata saa ambazo setilaiti inapita, utalia chumbani, na kesho watu wanasubiri chakula. Mwenzangu mmoja yalimkuta. Tulimshikia zamu, tukakaa naye kwenye bustani ndogo ya ndani, maana ndiko kwenye unyevu na harufu ya majani mabichi. Hatukuwa na kingine cha kumpa, na bado inaniuma.

Anayetaka kuja awe na kibali halali cha kufanya kazi Marekani, apimwe mwili na meno. Wa msimu wa giza hupimwa hata kisaikolojia. Ila kabla ya fomu, kaa na wazazi, waambie wazi kwamba kwa miezi minane hutarudi hata kukitokea nini. Wakisita, omba msimu wa jua, Novemba hadi Februari. Ndege zipo, na kazi za jikoni ni nyingi zaidi.